Mashati ya Mutisya Ukutani Gitothua

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Gatuanyaga na wageni wetu kutoka Ruiru, mimi ni Waceke, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitasoma polepole ili hata walio nyuma ya hema wasikie.

Marehemu Josphat Njau Mbugua alizaliwa tarehe 14 Juni 1963 hapa Gatuanyaga, Thika, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mbugua na marehemu Mama Waruguru. Alianza shule ya msingi Januari 1970, na mwaka 1974 alimchora mwalimu wake wa hesabu ubaoni akiwa na masikio ya punda, akachapwa viboko vinne, lakini wanafunzi wote waliona kwamba mwalimu mwenyewe hakuufuta mchoro ule hadi siku ya Ijumaa, kwa sababu ulifanana naye sana.

Aliacha masomo kidato cha pili mwaka 1978, akajifunza kuandika mabango mjini Thika, na mwaka 1988 akahamia Ruiru, ambako alichora ng'ombe wa mabucha, vichwa vya vinyozi, na zaidi ya yote chupa za bia kwenye kuta za baa. Hakuna aliyemfikia kwa chupa, maana alijua kuifanya itoe jasho, matone yakateremka ubavuni mpaka mpita njia akameza mate saa nne asubuhi. Wenye baa wengi walimlipa kwa kile kile alichokichora, na ndugu zangu, hivyo ndivyo ulevi ulivyoanza, hatutauficha hapa mbele yenu.

Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na Emmah katika kanisa moja la Ruiru, akachelewa dakika arobaini, kwa kuwa alikuwa langoni akinyoosha herufi za bango la kanisa. Mungu akawajalia watoto wawili, Waruguru aliyezaliwa mwaka 1994, na Marvin Mbugua aliyezaliwa mwaka 1998.

Tarehe 1 Januari 2015 Njau aliacha pombe pamoja na rafiki yake Mutisya, mpiga gitaa wa Kamakis, na mwaka uliofuata Mutisya akatunga wimbo kuhusu marafiki wawili walioacha kunywa, wimbo uliosema kwamba rafiki asiyelewa ni mgumu kuishi naye, kwa sababu anakumbuka yote uliyosema jana. Njau aliusikia, akalia, akaahidi kuuchora. Tarehe 20 Agosti 2016 aliumaliza mchoro kwenye ukuta wa hoteli ya chai ya Farhiya, pale Gitothua, yeye na Mutisya wameketi benchi moja, kila mmoja na glasi ya chai mkononi.

Shida ni kwamba mkono uliochora bia miaka ishirini na nane ulikuwa umezoea. Jumapili ile watu wawili waliingia kwa Farhiya wakaagiza bia mbili baridi, na Farhiya akamwita mchoraji nje.

"Mzee Njau, hii chai yako mbona ina povu?"

"Hayo ni maziwa, mama."

"Maziwa gani yanatoa jasho?"

Aliongeza mvuke, watu wakasema bia inaungua, na mambo yalitulia tu alipochora sahani ya mandazi katikati yao.

Mwezi Aprili 2020 kumbi zilifungwa kwa ajili ya korona, Mutisya akakosa pa kupiga gitaa, na kufikia Juni alikuwa amerudi kwenye chupa. Majirani walimwambia Njau, "Mfute huyo, anatuaibisha hapa." Njau alikataa, na badala yake, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alipanda ngazi akamchorea Mutisya shati jipya, akisema siku atakaporudi asijikute ukutani na nguo za mwaka jana. Emmah alimwambia, "Baba Waruguru, huyo wa ukutani ana mashati mengi kuliko wewe." Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwenye baa za Kamakis kumtafuta, akakaa naye mezani akinywa soda, akarudi nyumbani amejaa gesi na huzuni. Alituambia zaidi ya mara moja kwamba haogopi kufa, anaogopa kumwacha Mutisya kule.

Mwezi Oktoba 2024 Njau aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza matibabu mjini Thika. Tarehe 25 Januari 2025 alipanda ngazi mara ya mwisho, nguvu zikamwishia kazi ikiwa nusu, akaliacha shati na mkono mmoja wa samawati na mwingine wa njano. Tarehe 23 Februari Mutisya alipita Gitothua, akasimama, akajitazama pale ukutani.

"Farhiya, nani amenivalisha hivi?"

"Aliyekuwa akikuvalisha amelala hospitali."

Kesho yake Mutisya hakunywa, wala keshokutwa, na tarehe 8 Machi alifika wodini amenyoa ndevu.

"Hilo ni shati gani sasa?" Njau akamuuliza.

"Ni langu."

"Ndiyo maana. Siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu."

Njau alimsogezea miguu ili apate pa kukaa, wakabishana kuhusu ubeti wa pili wa wimbo ule hadi muuguzi akawanyamazisha. Kaka yetu alituaga alfajiri ya Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, miaka kumi bila tone la pombe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wachoraji wenzake waliolipaka jeneza rangi bila kuombwa, wakabishana kidogo tu, na Farhiya aliyeleta chai leo, chai isiyo na povu.

Mutisya yuko hapa, safu ya tatu, na leo ni siku yake ya thelathini na mbili. Anayetaka kumpa pole ampe mkono, ampe chai, na jioni ya leo, ambayo itakuwa ngumu kuliko zote, asimwache peke yake wala asimwalike mahali pengine kumfariji. Waruguru na Marvin watarudi naye Ruiru, na kitanda kimeshatandikwa.

Upumzike sasa, Njau. Mutisya tunaye.