Mama Amesugua Lami

LEONIDAS: Haloo! Nani mwenzangu?

COLETA: Shikamoo kaka. Ni mimi.

LEONIDAS: Mimi nani?

COLETA: Coleta, mdogo wako. Hii simu ya jirani, mama Bertila. Yangu si unaikata tu tangu asubuhi?

LEONIDAS: Aaa. Kumbe ningejua— Haya, sema haraka, naendesha.

COLETA: Uko wapi? Ulituaga unakwenda kuweka mafuta mjini, kumi na mbili na nusu. Sasa hivi saa nne inakwisha.

LEONIDAS: Niko Laela.

COLETA: Wapi? Unakatika.

LEONIDAS: Laela! Laela! Nasema nimeshafika Laela, njia ya Mbeya.

COLETA: Kaka... umemsahau mama?

LEONIDAS: Sijamsahau.

COLETA: Maana yuko hapa barazani. Amevaa viatu, amefunga kitenge kipya, mzigo kaupakata. Kina mama wa jumuiya wamekuja kumuaga, wamemwombea mpaka wamechoka. Ulisema unampeleka Mbeya kwenye—

LEONIDAS: Nilisema jana. Leo asubuhi umeiona ile gari wewe?

COLETA: Nimeiona.

LEONIDAS: Umeuona mlango wa dereva? Bati tupu! Gari nyeupe, wiki tatu tangu itoke bandarini. Majivu, Coleta! Majivu na gunzi la mahindi! Ile ni sufuria?

COLETA: Si wewe ulilalamika jana mezani? Lami, lami, lami, mpaka ugali ukapoa. Mama akasikia. Kaamka alfajiri akusaidie kuisugua, masizi yeye anayatoa hivyo hivyo miaka yote.

LEONIDAS: Lami inatolewa kwa kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo. Unapaka, unaacha ilainike, unafuta taratibu, unaosha na sabuni. Basi! Hata mtoto anaweza.

COLETA: Ungemwambia hivyo jana badala ya kufoka. Na haoni, kaka! Alikuwa anapapasa kwa vidole. Akikuta panakwaruza anasugua mpaka pawe laini. Rangi inayotoka angeionaje?

LEONIDAS: Asiyeona akae kitako.

COLETA: Na nani alikutuma upite juu ya lami mbichi? Vijana wa barabara wameweka matawi, mchepuko upo, watu wote wanapita—

LEONIDAS: Nikale vumbi na gari mpya?

COLETA: Haya. Yameshatokea. Geuza basi umchukue.

LEONIDAS: Sigeuzi.

COLETA: Kaka—

LEONIDAS: Sigeuzi! Jumamosi mdogo wake wifi yako Sharon anaolewa, na Sharon ameshatangaza ukoo mzima kwamba bibi harusi atapanda gari yetu. Sasa nitafute fundi wa rangi leo hii. Leo! Sina muda wa kuzunguka na wagonjwa.

COLETA: Daktari wa macho yuko Mbeya mpaka kesho asubuhi tu. Jicho la kushoto limeshakwenda. Alisema hili la kulia likikosa safari hii, hakuna tena cha kufanya. Ulikuwepo alipolisema hilo.

LEONIDAS: Mpandishe basi.

COLETA: Basi la leo limeondoka saa kumi na mbili. La kesho likifika, daktari hayupo.

LEONIDAS: Atakuja daktari mwingine.

COLETA: Lini?

LEONIDAS: Nitajuaje mimi? Na angekaa wapi humu ndani? Ashike viti, ashike vioo, na mikono yenyewe ina majivu mpaka kwenye kucha...

COLETA: Leonidas. Huyo ni mama.

LEONIDAS: Nani kasema si mama?

COLETA: Basi mwambie mwenyewe kwamba huji. Mimi huo mdomo sina.

LEONIDAS: Usimpe simu. Coleta? Coleta, nimesema usi—

MAMA: Haloo? Haloo, mwanangu?

LEONIDAS: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba baba. Foleni ya mafuta bado?

LEONIDAS: Bado, mama. Ndefu.

MAMA: Hamna neno, mimi nimekaa. Gari umeionaje?

LEONIDAS: Nimeiona.

MAMA: Nimeipapasa yote, haina hata tone. Nikasema mwanangu asiingie kwa watu wa Mbeya na gari ya madoadoa. Sema ulipoondoka uliubamiza mlango, nikadhani umekasirika.

LEONIDAS: Hapana, mama.

MAMA: Nikajisemea, labda nimekosea mahali.

LEONIDAS: Hujakosea.

MAMA: Ee, Mungu akubariki. Sasa unakuja?

LEONIDAS: Nakuja.

MAMA: Basi nikutokee barabarani? Huku uani pana matope, utaichafua tena.

LEONIDAS: Haya. Nisubiri hapo barabarani.

MAMA: Haya baba. Coleta, shika simu ya watu.

COLETA: Haloo? Umemwambia nini? Mbona ameinuka anacheka?

LEONIDAS: Nimemwambia anisubiri barabarani.

COLETA: Kwa hiyo unageuza! Ahsante, kaka. Ahsante sana, Mungu—

LEONIDAS: Coleta.

COLETA: Ee?

LEONIDAS: Baadaye mwambie gari imeniharibikia njiani.

COLETA: Nimwambie mimi?

LEONIDAS: Simu ya watu hiyo, mtamaliza vocha yao. Wasalimie hapo.

COLETA: Usikate! Kaka, usikate! Ameshavuka mtaro. Mama Bertila anataka kumshika mkono, anaukataa, anasema mwanawe yuko karibu. Kaka, kuna lori linakuja... Kaka? Amelipungia mkono. Amelipungia lori, kaka, anadhani ni wewe! Haloo? Haloo?