Hakulishwa Sumu: Maisha ya Adventina Kokwijuka, 1981–2024

Marehemu Adventina Kokwijuka alizaliwa tarehe 12 Machi 1981 Buganguzi, wilayani Muleba, mtoto wa tatu wa Mzee Rugambwa na Mama Anatolia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1995, kisha akajifunza upishi kwa masista mjini Bukoba.

Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na Joackim Mujuni wa hapa Kemondo. Harusi nyingi za huku alizipikia yeye. Siku moja mshereheshaji aliagiza meza kuu ihudumiwe kwanza. Adventina akakalia mfuniko wa sufuria: "Waliomenya ndizi tangu alfajiri hawajaonja kitu. Wao kwanza." Wakaanza wao.

Oktoba 2023 tumbo lilianza kumsokota, likaacha, likarudi. Kwenye kituo cha afya aliambiwa ni vidonda vya tumbo.

"Kuna kitu kinanivuta ndani," alisema.

"Mama, punguza pilipili," mhudumu akamjibu.

"Pilipili sili!"

Mara tatu alirudi, mara tatu akapewa vidonge vilevile. Hakuna aliyemlaza kitandani akamgusa tumbo. Joackim alipoomba rufaa ya kwenda hospitali, aliulizwa kama yeye ni daktari.

Februari tumbo lilivimba, akawa anatapika kijani. Joackim akamkimbiza hospitali Bukoba, akapasuliwa. Daktari aliyempasua alimweleza mumewe waziwazi: "Utumbo wake uliingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati uliovutwa ndani. Kwa watoto mara nyingi hatuoni sababu. Kwa mtu mzima, mara nyingi kuna uvimbe unaouvuta. Wake ulikuwa wa mafuta tu, si saratani. Ila utumbo umeshaoza."

Joackim alipiga ukuta kwa ngumi. Uvimbe wa mafuta tu! Tarehe 9 Februari 2024 sumu ya utumbo uliooza ilienea kwenye damu, Adventina akafariki.

Msiba haujapoa, midomo ikaanza: eti wifi yake, Klaudia, alimtilia kitu kwenye chakula. Jana Klaudia alifukuzwa jikoni, katika msiba wa ndugu yake! Familia inasema mbele ya jeneza hili: Adventina hakulishwa sumu. Aliugua, akasema, hakusikilizwa.

Ameacha mume, watoto wawili, Derick na Vestina, mama yake mzazi, na wifi yake Klaudia, aliyemwogesha na kumshikia beseni hospitalini. Mume akishatupa udongo, Klaudia ndiye atakayefuata. Asiyeweza kusimama naye kaburini, barabara ya Bukoba ni ile pale.

Mungu amjalie Adventina pumziko lenye amani.