Mlango Niliougonga kwa Ukucha

Bwana asifiwe! Hapana, wacheni hiyo. Hiyo ni ya watu walioamka sasa hivi. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa. Leo msiniitikie kwa sauti ya chini, maana sauti ya chini nusura iniondolee mtu nyumbani kwangu.

Kwa wageni, mimi naitwa Mama Joy. Nimeokoka, nampenda Yesu, nauza mitumba ya watoto hapo sokoni Nakuru, na tunakaa Lanet. Mzee mmoja wa kanisa ameniita pale nje kabla ya ibada akaniambia, "Mama Joy, ukishuhudia, shuhudia kwa upole. Usimwaibishe mzee wako." Nimemsikia. Lakini ndugu zangu, upole nimekuwa nao miaka yote, na mtaona wenyewe ulitufikisha wapi. Mume wangu, Baba Joy, yuko pale kiti cha tatu. Anajua nitakachosema. Tumekubaliana niseme yote, na nikiwaka mtanivumilia.

Baba Joy alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kujibu wateja wa ng'ambo kwa kompyuta. Mteja anaandika kule kwao kwamba mzigo wake umepotea, Baba Joy anamjibu akiwa hapa. Mwanzoni walikuwa ofisini, mjini. Halafu mkubwa wao akasema kila mtu abebe kompyuta akafanyie kazi nyumbani. Mimi nilishangilia! Nilisimama hapa hapa nikamshukuru Mungu, mkanipigia vigelegele. Nilisema sasa mume wangu atakunywa chai ikiwa moto, na watoto watamwona baba yao.

Watoto hawakumwona. Tulimpa chumba chao, wao wakahamia kwenye kochi. Akapigilia komeo kwa ndani. Asubuhi akimaliza chai anaingia, komeo linalia ka!, na kutoka hapo nyumba yetu inakuwa kama ya matanga. "Niko kwa mkutano na wakubwa," alikuwa akituambia. "Wakisikia kelele za nyumbani, nafutwa." Basi tukanyamaza. Redio ilizimwa. Sufuria niliziosha juu ya kitambaa ili zisigongane. Kuku wangu niliuza, jogoo akatangulia. Joy wangu, aliye darasa la pili, alifanya niitwe shuleni kwa sababu alikuwa akisoma kwa kunong'ona. Mwalimu alidhani ana ugonjwa wa koo. Nikamwambia mwalimu, tena kwa fahari, "Hapana, mwalimu, ni vile babake anafanyia kazi nyumbani."

Na ninyi msijifiche! Ushirika wa Jumatano ulipofika kwangu, si tuliimba bila kupiga makofi? Mama Brayo, si uliweka ngoma mapajani ukaifunika na leso kama mtoto aliyelala? Watu wazima, waliookoka, tukamsifu Mungu kwa kunong'ona eti baba wa nyumba yuko kazini. Kisha mtu akasema tuiombee kazi yake, tukasimama, tukanyoosha mikono kuelekea ule mlango. Ndugu zangu, tuliuombea mlango! Na mimi nikaongeza kufunga. Kila Ijumaa sikula, ili wakubwa wake wampende.

Nyuma ya huo mlango mwanaume alikuwa anacheza gemu ya mpira.

Ndiyo, gemu. Wewe kijana wa kwaya, wacha kucheka, nimekuona. Ile televisheni aliyosema ni ya kuwaonea wakubwa vizuri, ilikuwa ya gemu. Mikutano ilikuwepo, lakini ilikuwa michache na mifupi. Siku nzima iliyobaki, mteja mmoja akijibiwa, watano wanangoja mechi iishe. Mimi nashinda njaa, yeye anashinda mabao! Halafu jioni, saa ya chakula, ndipo anatoka na macho mekundu, namwonea huruma, namwekea ile nyama kubwa, naye anaila. Hakuniambia hata, "Leo kula wewe." Alikula na akarudi ndani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kuna kisa chenyewe.

Mama yake Baba Joy ndiye huyu amekaa hapa mbele na mkongojo wa chuma. Sote tunamwita Shosho. Anatoka Mau Narok, na waliofika kwake wanajua huyu mama ana sauti. Akisimama kwenye shamba lake la viazi aite mtu aliye ng'ambo ya bonde, huyo mtu anaitika. Alikuja kukaa nasi kwa sababu presha ilikuwa inamsumbua na kliniki iko karibu na kwetu. Siku ya kwanza aliingia akitusalimu tangu getini, kwa ile sauti. Na mimi, mimi mwenyewe, nilimkimbilia nikiwa na kidole mdomoni.

Akashtuka. Akaniuliza polepole, "Kwani kuna mgonjwa?"

"Hapana, Shosho. Ni kijana wako yuko kazini."

Mngeona vile uso wake ulivyong'aa! Huyo kijana alimsomesha kwa viazi, kwa mgongo wake. Hapo hapo akavua viatu ili hatua zake zisisikike, na tangu siku hiyo alitembea ndani ya nyumba na soksi. Akitaka kukohoa, alikuwa anajiziba na leso kwanza. Wanawake wenzake wa Mau Narok wakimpigia simu, anatoka nje hadi kwa choo cha majirani ndio aongee. Alisema ana raha, eti mtoto wake amekuwa mtu ambaye hata nyumba inamheshimu.

Siku moja mvua ilitunyeshea sokoni. Tukafunika nguo na nailoni, wateja wakatawanyika, nikaona heri nirudi nyumbani. Ilikuwa imepita saa ya chakula na watoto walikuwa shuleni. Nikafika mlangoni, nikainama nivue gambuti, kama kawaida yetu. Nimevua moja, nikainua macho, nikaona mlango wa bafu uko wazi, na pale chini nikaona soksi za Shosho.

Nilikimbia na gambuti moja mguuni. Shosho alikuwa amelala kwa ubavu kwenye simiti yenye maji, uso umekuwa wa kijivu, leso ameiuma kwa meno. Alikuwa ameiuma ili asilie. Nikafungua kinywa nipige nduru. Na huyu mama, ndugu zangu, akiwa pale chini hawezi kusogeza mguu, aliinua mkono akaweka kidole mdomoni.

"Polepole," akaniambia. "Ako na wakubwa."

"Shosho, umeanguka saa ngapi?"

"Baada ya chai."

Baada ya chai ya asubuhi! Nikamuuliza mbona hakuita. Akasema, "Ningeita, wangesikia, wangemfuta." Ukuta wa bafu ndio ukuta wa kile chumba. Alikuwa amemsikia mtoto wake upande wa pili, muda huo wote. Akanishika mkono akaniambia, kama mtu anayenipa habari njema, "Nimesikia akifurahi huko ndani. Kazi inaenda vizuri."

Mnajua nilifanya nini? Nilienda kwa ule mlango nikaugonga na ukucha. Ukucha! Mama mkwe wangu anakufa na mimi nagonga kwa ukucha, naita "Baba Joy, Baba Joy" kwa kunong'ona, ili wakubwa wasisikie. Hakuitika. Nikagonga tena kwa ukucha.

Ndipo Mungu akanikuta. Sikuona malaika, na atakayewaambia niliona malaika anadanganya. Niliona kidole changu pale mlangoni, nikakumbuka kidole cha Shosho, na hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo. Kuna watu hufundisha kwamba kila hasira ni ya shetani. Nakataa! Ile haikuwa ya shetani. Shetani ndiye alikuwa anataka niendelee na ukucha.

Nikapiga kelele, "Yesu, nisaidie!" Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, ilikuwa imekaa sana bila kutumiwa. Nikapiga ule mlango teke kwa ule mguu wenye gambuti. La kwanza mlango ukatikisika. La pili komeo likang'oka na misumari yake.

Alikuwa amenipa mgongo. Vile vitu vya kusikilizia vimemziba masikio, mikono yote miwili inabonyeza, na kwenye televisheni kuna uwanja wa kijani na watu wadogo wanakimbia. Kompyuta ya kazi iko kando, ujumbe wa wateja unaingia mmoja baada ya mwingine. Hakugeuka hata. Aliniona tu kwa pembe ya jicho, akasema, "Mama Joy, ngoja, imebaki dakika mbili."

Dakika mbili!

Nilichomoa waya kwa ukuta. Nikamshika mume wangu kola, mimi niliyekuwa natembea kwa ncha za vidole, nikamvuta mpaka bafuni akaone. Halafu nikatoka nje nikapiga nduru ambayo Lanet nzima iliisikia. Majirani wakaja, wale wale niliokuwa nikiwafukuza watoto wao dirishani kwetu. Mmoja ana pikapu ya kubeba maziwa, akamwaga mikebe chini bila kuuliza. Wanaume wakamwinua Shosho na blanketi.

Kwa ile pikapu, Baba Joy alikuwa amepiga magoti karibu na mama yake. Shosho akamshika mkono akamwambia, "Rudi ndani, mwanangu. Watakufuta kazi kwa ajili yangu." Ndipo mume wangu akalia. Akasema, "Mami, hakukuwa na mkutano. Nilikuwa nacheza." Shosho alimwangalia. Kisha akauondoa mkono wake kwenye mkono wa mtoto wake, akageuza uso upande ule mwingine, ukabaki huko mpaka tulipofika hospitali.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika, na presha ilikuwa juu sana. Daktari alituambia wazi kwamba angekaa pale chini mpaka jioni, tungekuwa tunapanga mambo mengine. Walimpasua, na Mungu akamrudisha. Yuko hapa! Mpigieni Mungu makofi. Ngojeni, msipige bado. Nitawaambia lini.

Wengine wenu mlikuja nyumbani kumwombea Baba Joy. Mkasema ana pepo wa gemu, mkampaka mafuta, mkamkemea huyo pepo mpaka mkatoa jasho. Mimi nilikaa jikoni nikikasirika. Pepo gani? Pepo hakupigilia lile komeo. Pepo hakula ile nyama yangu ya Ijumaa. Na si gemu ndiyo iliyotuweka chini, watoto wa watu wanacheza gemu jioni na mama zao wako salama. Kilichotuweka chini ni mtu kusema "niko kazini" na sisi wote kulala kifudifudi mbele ya hilo neno. Tuliogopa kazi kuliko tulivyomwogopa Mungu. Mimi nikiwa wa kwanza.

Yeye mwenyewe anajua. Siku Shosho anatoka kupasuliwa, alimpigia mkubwa wake simu akamwambia ukweli wote. Wakamfuta, na walifanya vizuri. Sasa yuko kwa shamba la mama yake Mau Narok, anapalilia viazi, anarudi kwetu Jumamosi na matope mpaka magotini. Daktari alipomkataza Shosho kulala kwa godoro linalobonyea, Baba Joy aling'oa ule mlango kwa bawaba zake, akauweka chini ya godoro la mama yake. Analalia huo mlango hadi leo. Mwenye nyumba ataongea, na akiongea nitamjibu.

Mnaniuliza kama nimemsamehe. Nimemsamehe. Shosho naye alimshika mkono tena, lakini ilichukua siku, na hakuna aliyemharakisha. Ila nikiona soksi zimeanikwa kwa kamba, hasira inanipanda upya, nami namwambia Mungu hivyo hivyo, bila kuipaka sukari. Hajanifukuza.

Ndugu zangu, kama nyumbani kwako kuna mlango ambao watu wako hawawezi kuugonga hata wakiwa chini, nenda leo ukaufungue wewe mwenyewe, kabla mtu hajaupiga teke. Na wewe uliye chini, unayeuma leso ili usisumbue wakubwa, nakuomba uite. Ita kwa sauti uliyo nayo. Mimi nilimwita Yesu kwa sauti mbaya, gambuti moja mguuni, na alikuwa pale pale. Mtumaini. Huyo hajawahi kuniambia ngoja, imebaki dakika mbili.

Nimemaliza. Shosho, salimia watu wa Mungu. Hapana, Shosho, si hivyo, toa mkono mdomoni. Kwa ile sauti ya shambani.

Mmesikia? Mmesikia huyo mama? Sasa pigeni makofi! Na Mama Brayo, leta hiyo ngoma.