Sabato za Profesa Ogari

Wasikilizaji wapendwa, hebu acheni kidogo mnachofanya. Profesa Ogari Momanyi wa Manga hatunaye tena. Tumemzika Jumapili. Mimi mwenzenu bado siamini.

Profesa Ogari alikuwa mhandisi wa kemikali. Utafiti wake chuo kikuu ulikuwa huu: mitambo ya kiwanda ijirekebishe yenyewe. Watu huku walicheka, wakasema kisomo kimemzidi.

Lakini utafiti ule ulianzia nyumbani. Kaka yake, Nyangau, alisimamia mashine ya kukausha chai kiwandani. Sasa, majani yaliyochumwa Ijumaa hayajui Sabato. Lazima yakaushwe Jumamosi. Moto ukizidi, chai inaungua. Ukipungua, inaota ukungu. Basi Nyangau alishinda pale akipunguza na kuongeza hewa kwa mkono, huku mama yao, Bonareri, akiketi kanisani peke yake. Mjane mwenye wana wawili, mmoja kiwandani, mmoja chuoni, jamani, peke yake! Ogari alitaka Nyangau akae na mama yao siku ya Sabato.

Mwaka 1971 alileta kiwandani chombo chake cha kwanza cha kurekebisha moto. Kikaunguza chai ya siku nzima. Lo! Wakulima nusura wamle mbichi. Hakukata tamaa. Alirudi nacho mwaka baada ya mwaka, na kila jaribio alilisimamia mwenyewe Jumamosi, ili Nyangau aende kanisani.

Wazee wa kanisa wakamkanya kwamba anaivunja Sabato. Mjane wake, Drusilla, ameniambia alivyowajibu: “Wazee wangu, mkinitenga, nitengeni. Bora kaka akae na Mama.”

Wakamtenga.

Mwaka jana, 1977, chombo kilikubali. Moto ulitulia kutwa nzima bila mkono wa mtu. Nyangau alilia mbele ya wafanyakazi wote. Wazee nao wakalainika: Ogari angebatizwa upya Sabato iliyopita. Jumatano, siku tatu kabla, moyo ukasimama. Uchungu ulioje!

Mama Drusilla, Nyangau, poleni sana. Mama Bonareri, pole, mama yetu. Nasi tunaosikiliza, tujiulize ni nani tumemweka nje ya mlango, tukidhani muda upo.

Sabato hiyo ambayo angebatizwa, Ogari akiwa bado mochari, Mama Bonareri alikwenda kanisani. Aliketi na Nyangau upande mmoja. Upande wa pili akaweka mkono juu ya benchi. Mzee mmoja wa kanisa alipotaka kuketi hapo, mama alimwambia, “Hapana, baba. Hapa ni pa Ogari.”