Sauti ya Gwiza Kwenye Duka la Ilyasi

Kaeni, wazee wetu, majirani, na nyinyi vijana wa moto mlioegesha pikipiki zenu kule getini, sogeeni mkae msikilize, mimi ni Kaze, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, na nikimaliza iko kitu nitawauliza.

Gwiza Winifred alizaliwa tarehe 14 Machi 2002 hapahapa Nyamirambo, mtoto wa kwanza wa mzee Rutayisire na mama Mukandekezi, waliorudi kutoka Tanzania na Kiswahili chao, ndiyo maana nyumbani tunagombana kwa Kiswahili na tunasali kwa Kinyarwanda. Msingi na sekondari alisoma huku huku, akamaliza senior six mwaka 2021, na mwezi wa kumi 2022 akaingia chuo kikuu kusoma redio, televisheni na mawasiliano ya kidijitali, basi akaanza kututangazia kila kitu, hata ugali ukiiva tulipewa muhtasari wa habari.

Kazi yake ya kwanza, na ya mwisho, mnaijua wote, ile sauti kwenye spika ya duka la viatu la Ilyasi. Chuoni mikrofoni ilikuwa moja, wanafunzi wengi, zamu yake haifiki, akaenda kujifunzia kwa Ilyasi. Alianza na sauti ya taarifa ya habari, Ilyasi akamuuliza, "Dada, unauza viatu ama unatangaza vita?" Akacheka, akarudia kurekodi, "Njo mama, njo papa, mguu hauna sikukuu," Ilyasi akapiga chafya katikati, Gwiza akamwambia humohumo, "Afya, bosi," halafu akakataa kuifuta, eti redio lazima iwe na mtu ndani. Malipo yalikuwa raba nyeupe, akaenda nazo chuo mpaka soli zikaisha.

Ndoa hakufunga, watoto hakupata, lakini Mugenzi mchumba wake amekaa pale na familia, na pale ndipo mahali pake.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025, akawa anasomea kitandani, kazi za chuo anatuma kwa simu, mpaka tarehe 9 Juni asubuhi, hospitalini, akatuacha.

Siku ile Ilyasi alizima spika, njia ikanyamaza, mama akatoka nje akauliza nani amemnyamazisha mtoto wake. Mama anataka sauti irudi, apite pale akienda sokoni amsikie. Baba anasema mtoto amefanya kazi ya kutosha, na yeye hawezi kila asubuhi kuitwa "njo papa" na mtoto anayemzika leo. Ilyasi hakutaka kuchagua, amenipa flashi yenyewe yenye ile sauti, baba ameomba iingie kwenye jeneza, mama ameomba irudi dukani, na wote wawili wamenishika mkono wakisema wananiamini. Msiniambie nitoe nakala, mama hamtaki kwenye simu, anamtaka barabarani, na barabarani ndiko baba asikotaka kumsikia.

Tunashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokaa nasi kwenye ikiriyo, siku zote hizi za matanga, walimu na wanafunzi wenzake, na nyinyi wa moto mliompeleka hospitali bila kuuliza nauli.

Gwiza, dada, pumzika, amani ikae na wewe, tulikuwa tunakusikia vizuri.

Sasa flashi iko hapa kwenye mfuko wa shati, jeneza halijafungwa, baba anaangalia chini, mama ananiangalia mimi. Nyinyi mngeipeleka wapi?