Dada Penseli: Usiruke Kitu

Marehemu aliagiza wasifu wake usomwe na mdogo wake wa kiume, yaani huyu aliyesimama mbele yenu, na akampa sharti moja: asiruke kitu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake alimfuata baada ya miaka minne, na tangu siku hiyo dada akajipa cheo cha mzazi wa tatu. Mpira ulipovunja dirisha la jirani, mwenye mpira alijificha chini ya kitanda. Aliyekwenda kuomba radhi ni dada.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akasomea ustawi wa jamii, na mwaka 1991 akaajiriwa kushughulikia kesi za watoto na vijana wanaoumizwa majumbani mwao. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, kabati lisilofungika na kopo la penseli butu. Mtoto akiingia hakuulizwa lolote. Aliambiwa tu, "Hebu nichongee hizi, mikono yangu imechoka," na kadiri alivyochonga, maneno yalianza kutoka yenyewe. Ndiyo maana vijana walimwita Dada Penseli. Mafaili yake yalikuwa manene, lakini mahali alipomficha mtoto hakupaandika popote.

Mwaka 1995 aliolewa na fundi umeme, aliyekuja ofisini kutengeneza taa, kisha akarudi mara tatu kuangalia kama bado inawaka. Walijaliwa binti mmoja.

Februari 2019 gari la ofisi liliharibika, akamwomba mdogo wake awaendeshe, yeye na msichana wa miaka kumi na tano, hadi kwa mwalimu mstaafu aliyekubali kumhifadhi. Walipofika kwenye geti la kijani dada alimwambia mdogo wake, "Hapa hujawahi kufika. Tumeelewana?"

"Dada, mimi tena?"

Wiki mbili baadaye baba wa msichana huyo, aliyefanya kazi karakana moja na mdogo wa marehemu, alimlilia. "Nataka kumwomba msamaha tu, kaka. Ni mwanangu yule." Machozi ya mtu mzima yakamlainisha, akamwelekeza hadi rangi ya geti. Kesho yake msichana alivunjwa mkono.

Hospitalini msichana alimwambia Dada Penseli, "Ni wewe uliyenificha pale. Umeniuza." Hakumtazama tena. Ofisi nayo ikamwondoa kwenye kesi, ikampeleka stoo ya vifaa. Jioni ile alimuuliza mdogo wake, "Ulimwambia mtu?" Mdogo wake akaapa kwa jina la mama yao kwamba hakusema. Miaka sita aliendelea kula mezani kwa dada yake, huku dada akichonga mwenyewe penseli zake. Huo ni usaliti, na hauna jina la kuupamba.

Januari 2025 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Siku moja wodini mdogo wake alipiga moyo konde, akaanza kuungama. Dada akamkatisha.

"Nilijua siku ileile. Ulibakisha chakula, wewe unayefuta sahani kwa kidole. Iliniuma kuliko huu ugonjwa."

"Mbona hukusema, dada?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Na yule msichana je? Si ungemwambia?"

"Lingekuwa neno langu. Nilitaka alisikie lako. Basi utanisomea wasifu, na usiruke kitu. Atakuja yule, hata kama ni kuhakikisha tu kwamba nimekufa."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo aliyemponza, na msichana wa geti la kijani, ambaye sasa ni mtu mzima na huenda yupo kati yetu. Mwanangu, kama unasikia: Dada Penseli hakukuuza. Aliyesema ni huyu anayesoma.

Pumzika, dada. Sijaruka kitu.