Nani Atatia Chumvi

Gari dogo la Masoko lilipotoka Kivinje, Bi Adija alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili, Rosa na Salima. Walikuwa wamejuana kituoni tu, lakini tayari walikuwa wakigawana muhogo wa kuchoma wa Salima.

"Miaka kumi na tatu tangu damu ya mwezi ikatike, na joto bado linanipanda. Usingizi sipati," alisema Rosa. "Daktari anasema vidonge vya homoni vipo, ila nimechelewa, lazima anipime moyo na presha kwanza. Na huenda damu ikarudi kidogo."

"Irudi! Basi dada, jiandae kuposwa," alisema Salima, akimpepea kwa ncha ya mtandio.

"Cheka tu. Kwetu Kiranjeranje mimi ndiye ninayetia chumvi kwenye chungu siku mwali anapotolewa nje. Anayeingia mwezini haruhusiwi. Nikipata usingizi, nakosa chungu."

Bi Adija aliona kwamba mkono wa Salima unaopepea haukupumzika hata mara moja.

"Dada, nenda ukapimwe," alisema Salima. " Chumvi nitakuja kutia mimi. Yangu ilikatika zamani."

"Wewe? Mtu asiyejua hata kuchoma muhogo?"

Walicheka mpaka konda akageuka. Bi Adija naye alicheka, akijifanya anakohoa.

Gari likasimama karibu na hospitali. Rosa akashuka, kisha akarudisha kichwa dirishani.

"Hebu Salima, nipe namba yako ya simu. Sijasema nitavimeza hivyo vidonge. Nasema tu, chumvi usije ukazidisha."